Maiki au Vidole? Jinsi ya Kuongea na Kuandika Katikati ya Gemu

Kila mgeni akiingia kwenye skwodi, yaani kikosi chetu cha gemu, maswali ni yale yale. "Lazima niwe na maiki?" "Mbona nawasikia lakini hawanisikii?" "Nikiandika si inatosha?" Nimeyajibu WhatsApp hadi nikaona heri niyaweke pamoja, kwa yeyote wa Kisumu, Nakuru, Kakamega au Bungoma anayecheza kwa simu ya kawaida, kwa bando, kwenye nyumba iliyojaa watu.

Jibu fupi kwanza. Jambo litakalopitwa na wakati ndani ya sekunde tano, liseme kwa sauti. Jambo ambalo mwenzako atahitaji kulisoma tena, kama namba ya chumba, nywila au saa ya kukutana, liandike. Halafu kuna njia ya tatu ambayo wanaoanza huisahau kabisa: ujumbe ulioandaliwa mapema na alama za kuweka kwenye ramani. Kwa mtu wa simu, hiyo mara nyingi inashinda kuongea na kuandika. Kazi iliyobaki ni kuweka mitambo sawa.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

*Iafoni za waya zenye maiki.* Za waya, narudia. Kabla ya kununua, angalia pini yake. Ukihesabu pete tatu za plastiki, kuna waya wa maiki. Ukihesabu mbili, hizo ni za kusikiliza muziki tu, hata kama muuzaji anaapa. Pete tatu pia hazitoshi kwa sababu maiki yenyewe inaweza kuwa mbovu, kwa hiyo chomeka iafoni palepale, rekodi ujumbe mfupi wa sauti kwenye WhatsApp na uusikilize kabla ya kutoa pesa. Wauzaji wa Oginga Odinga Street wamezoea, hakuna atakayekushangaa. Kama simu yako haina tundu la duara, tafuta zenye pini ya Type-C.

*Bando.* Watu huogopa sauti bila sababu. Chaneli ya kawaida ya Discord, programu ya kuongea kwa vikundi, huanza na kiwango cha kilobiti 64 kwa sekunde. Hiyo ni karibu MB 29 kwa saa nzima ya mtu mmoja kuongea bila kupumua, na hakuna anayeongea hivyo; mkinyamaza, karibu hakuna kinachotumwa. Wakiongea watatu kwa pamoja unapokea sauti tatu, kwa hiyo kelele inagharimu pesa kweli. Lakini kinachomaliza bando ni masasisho ya gemu, ambayo huhesabiwa kwa GB. Hayo yashushie kwenye waifai.

*Mahali.* Nyumba ya mabati, mvua ya jioni ikianza kupiga Kisumu, maiki haina maana. Wenzako watasikia mvua, hawatakusikia wewe. Jipange kuandika siku hizo, au cheza na sauti ya kusikiliza tu.

*Mtandao uliotulia.* Si lazima uwe na kasi kubwa. Sauti inataka mtandao usiorukaruka. Kama namba ya pingi kwenye kona ya skrini, yaani milisekunde za kwenda kwenye seva ya gemu na kurudi, inapanda kutoka 120 hadi 400 na kushuka tena, sauti yako itakatika hata kama video za YouTube zinacheza vizuri.

Hatua zenyewe

1. Chagua mahali pamoja pa kuongelea.
Gemu nyingi za skwodi zina sauti yake ndani: PUBG Mobile, Free Fire, Call of Duty: Mobile. Pia kuna Discord, au simu ya kikundi ya WhatsApp. Chagua moja, uzime zingine kabisa. Kwa kawaida Android haiwapi programu mbili maiki kwa wakati mmoja. Moja inaongea, nyingine inapata ukimya, na wewe unabaki kuuliza kwa nini hawakusikii.

Ushauri wangu: na watu usiowajua, tumia sauti ya gemu. Na marafiki, tumia Discord, kwa sababu mechi ikiisha hamkatiki na mtu aliyekufa mapema anaendelea kuwa nanyi. WhatsApp iwe ya dharura. Mjomba akikupigia simu ya kawaida katikati ya pambano, utaelewa.

2. Ipe gemu ruhusa ya maiki.
Nenda Mipangilio, halafu Programu, chagua gemu, Ruhusa, Maikrofoni, kisha iruhusu wakati programu inatumika. Ukichagua kuruhusu mara hii tu, kesho utarudi hapa hapa. Kwenye Android 12 na kuendelea, doa la kijani huonekana juu ya skrini maiki inapotumika. Lizoee doa hilo. Likiwapo na wewe hujafungua maiki wala kamera, kuna programu inayotumia mojawapo.

3. Maiki ikae imefungwa, ifungue unapoongea.
Hii ndiyo mipangilio ninayomwekea kila mgeni, na sijaona sababu ya kuibadilisha. Kwenye kompyuta, chagua mtindo wa kushika kitufe unapoongea. Gemu ya Valorant hutumia V kwa timu, na Discord itakuuliza uchague kitufe mwenyewe. Chagua kile ambacho kidole gumba kinafikia; ukichagua cha mbali utakuwa unasimama kila ukiongea. Kwenye simu, gusa alama ya maiki kufungua, sema, gusa kufunga.

Maiki iliyo wazi muda wote inabeba jogoo, redio ya jirani, mtoto analia, na mama akikuita uende dukani. Mwenye nyumba hajui kwamba anasikika. Wenzako wanajua.

Kwa wanaocheza kwenye kumbi za PlayStation: rimoti ya PS5 ina maiki yake ndani. Kuna kitufe kidogo chini ya nembo ya PS. Kikiwaka rangi ya chungwa, maiki imefungwa. Kisipowaka, ukumbi mzima uko hewani, pamoja na yule anayedai zamu yake.

4. Weka sauti iende kwa timu tu.
Chini ya ramani ndogo au kando yake kuna alama mbili, moja ya spika na moja ya maiki. Ya spika ni unasikia nani, ya maiki ni unasikika kwa nani. Zote ziweke kwenye timu. Ukiacha maiki kwa wote, adui aliye mlango wa pili anakusikia ukisema "nimejificha bafuni".

5. Jaribu kabla ya mechi.
Ingia lobi, pale mnaposubiri kabla ya mechi, na rafiki mmoja. Mmoja aende chumba kingine au nje, la sivyo mtasikiana kwa masikio na kudhani mtambo unafanya kazi. Mwambie ahesabu moja hadi tano kwa sauti ya kawaida, nawe ufanye vilevile huku muziki wa gemu ukicheza. Kisha punguza muziki hadi sifuri na sauti za gemu ziache robo tatu. Nyayo za adui lazima zisikike chini ya mazungumzo. Usiinue sauti ya wenzako hadi mwisho. Atakuja mmoja wa kupiga kelele na masikio ni yako.

6. Andaa ujumbe tayari.
Hapa ndipo simu inaposhinda kompyuta, na hapa ndipo wengi hawafiki. Kwenye mipangilio ya PUBG Mobile na Free Fire kuna orodha ya ujumbe wa haraka, na unaweza kuchagua upi ukae juu. Ondoa salamu na sifa, weka unazotumia kweli: adui mbele, nahitaji risasi, nahitaji dawa, nifunike, turudi nyuma, nakuja. Sita au saba zinatosha. Orodha ndefu inakulazimu kutafuta, na ukitafuta umeshapigwa.

Uzuri wa ujumbe huu ni kwamba kwa kawaida kila mchezaji anauona kwa lugha aliyoweka kwenye gemu yake. Ukitupwa kwenye skwodi ya Waarabu au Warusi, hutoteseka na Kiingereza cha kubahatisha. Ongeza alama ya ramani juu yake na umesema kila kitu kwa kidole kimoja.

7. Jifunze kutoa taarifa kwa sauti.
Hii ndiyo kazi kubwa, na hakuna iafoni ya bei yoyote itakayokufanyia. Sikiliza mgeni akipigwa:

"Huyo! Huyo hapo! Kwa nyumba! Omera, nimepigwa, si uone!"

Amesema kweli, lakini nyumba ni kumi na hakuna aliyejua aangalie wapi. Sasa yuleyule baada ya kuzoea:

"Wawili. Mbili-nne-tano. Nyuma ya jiwe. Mmoja ameumia."

Mpangilio ni wangapi, wako wapi, wamejificha wapi, wana hali gani. Ile mbili-nne-tano ni namba ya dira iliyo juu ya skrini, inayokwenda hadi 360. Isome tarakimu moja moja. Ukisema "mia mbili arobaini na tano", unapofika kwenye tano wamehama. Dira ina faida nyingine: kushoto kwako huenda ni kulia kwa mwenzako kama mmeangaliana, lakini namba ya dira haigeuki. Mkiwa mbali kutoka kwa kila mmoja, ongeza jina la mahali kwenye ramani, maana namba hiyo inahesabiwa kutoka unaposimama wewe.

Lugha? Skwodi ya watu wa Kondele watupu iongee Kidholuo kama inawapa kasi. Akiwemo mtu wa Mwanza au Dodoma, acha Sheng kando. Atakuelewa ukisema "kuna mmoja ghorofani" na atapotea ukimpa neno la mtaani la juzi. Chochote mtakachochagua, kubalianeni majina ya vitu mapema. Kama nyumba ile mnaiita "kwa chifu", iwe "kwa chifu" kwa wote.

Ukishatoa taarifa, nyamaza. Aliyebaki hai peke yake anahitaji kusikia nyayo, hahitaji kuelezwa na watatu waliokufa afanye nini.

8. Andika wakati vidole viko huru.
Kwenye simu, kibodi hufunika nusu ya skrini na vidole gumba vyote viwili vinaacha kazi. Kwa hiyo andika mahali pa namna tatu tu: lobini, ndani ya ndege kabla ya kuruka, na ukishakufa. Kwenye kompyuta una uhuru kidogo zaidi, lakini bado mkono unatoka kwenye vitufe vya kutembea. Jifiche kwanza, ndipo ubonyeze Enter. Na hakikisha umetoka kwenye kisanduku cha kuandika kabla ya kukimbia, usije ukaandika "wwwww" ukiwa umesimama wima.

Fupisha: "2 juu", "njoo B", "sina maiki, nasikia". Hiyo ya mwisho ndiyo muhimu kuliko zote. Iandike mara tu mechi inapoanza kama hutaongea. Timu ikijua unasikia, itakupa taarifa. Isipojua itakuhesabu kama hupo.

Pia ongeza Kiswahili kwenye Gboard, kibodi ya Google, au zima usahihishaji wa moja kwa moja. Kibodi ya Kiingereza itabadilisha maneno yako hadi mwenzako ashindwe kujua unamtaka wapi.

Nani asilazimishwe kuongea

Kuna watu ambao kuandika ndiyo njia yao, na timu yenye akili inajipanga nao. Asiyesikia vizuri. Mwenye kigugumizi. Anayecheza usiku chumba kimoja na wadogo zake waliolala. Na wasichana, ambao wakifungua maiki tu na watu wasiowajua, mara nyingi mechi inageuka mahojiano: uko wapi, una nani, nipe namba. Kwa hao nasema hivi: sauti iwe ya kikundi cha marafiki, na wageni waandikiwe au wapewe ujumbe tayari. Si woga. Ukinyamaza na kupiga vizuri, hakuna atakayekumbuka hukuongea.

Akikutukana mtu, usimjibu kwa maiki. Fungua orodha ya wachezaji, mnyamazishe, mripoti, endelea. Matusi ya maandishi ni rahisi kuthibitisha, kwa hiyo piga picha ya skrini kabla hayajapotea. Ikifika kiwango cha vitisho au kukufuatafuata, Kenya ina Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya 2018, na unyanyasaji wa mtandaoni ni kosa ndani yake.

Makosa ninayoyaona kila wiki

Kutaja namba ya simu hewani ili "mtu akuongeze". Namba hiyo hiyo ndiyo ya M-Pesa yako, na hujui nani mwingine anasikiliza. Mtumie mtu huyo jina lako la gemu tu. Anayekuahidi almasi au UC (pesa za ndani ya gemu) za bure akiomba msimbo uliotumwa kwenye simu yako, anataka akaunti yako. Hakuna mjadala hapo.

Kucheza kwa spika ya simu huku maiki iko wazi. Kila anachosema mwenzako kinatoka kwako na kumrudia.

Kula karibu na maiki. Mahindi choma hasa.

Kumpa mdogo wako wa miaka kumi akaunti yenye sauti wazi kwa watu wote. Discord yenyewe inataka mtumiaji awe na miaka 13 au zaidi. Gemu ikiwa ya mtoto, zima sauti ya wageni na umwachie ujumbe tayari.

Ikikataa

*Nasikia, lakini hawanisikii.* Fuata mpangilio huu: ruhusa ya maiki, alama ya maiki ndani ya gemu, programu nyingine inayoshika maiki (simu ya WhatsApp iliyosahaulika ndiyo mshukiwa wa kwanza), kisha pete za iafoni. Chomoa iafoni ujaribu na maiki ya simu yenyewe. Ikifanya kazi, tatizo ni iafoni. Kwenye kompyuta, angalia kama Discord imechagua maiki sahihi. Mara nyingi imeshikilia ya kamera.

*Nikifungua maiki, sauti ya gemu inaharibika kama redio ya zamani.* Unatumia Bluetooth. Maiki ikianza kufanya kazi, iafoni hizo hubadilisha mtindo na kuwa kama za kupigia simu, na ubora unashuka. Kwa nyingi hakuna dawa ila waya, au utumie maiki ya simu na kusikiliza kwa Bluetooth kama gemu inakuruhusu.

*Sauti ya gemu inapungua tu, haiharibiki.* Simu imehamia kwenye sauti ya mazungumzo. Bonyeza kitufe cha kuongeza sauti ukiwa ndani ya gemu maiki ikiwa wazi, maana ukiwa nje unaongeza sauti tofauti.

*Kuna mwangwi, na hatujui unatoka kwa nani.* Muulize kila mmoja kama anasikia sauti yake ikirudi. Yule asiyesikia chochote ndiye mwenye spika wazi. Wote wengine wanajisikia kupitia kwake.

*Sauti inakatika au inakuwa kama ya roboti.* Uliza nani nyumbani anashusha kitu. Kwenye saiba, uliza kama mashine nyingine inasasisha gemu. Sogea karibu na ruta. Kwenye Discord, mwenye ruhusa ya chaneli anaweza kushusha kiwango kutoka 64 hadi 32, hata 16; mtasikika wembamba kidogo lakini mtasikika.

*Sauti inafika ikiwa imechelewa.* Hata kama mwenzako yuko nyumba ya pili hapo Migosi, sauti yako inakwenda kwanza hadi kwenye seva halafu inarudi. Ikipita milisekunde 150 upande mmoja, mtaanza kuingiliana maneno. Kwenye Discord jaribuni kubadilisha eneo la chaneli liwe Afrika Kusini badala ya Ulaya, mlinganishe. Sauti ya ndani ya gemu huwezi kuihamisha bila kubadilisha seva ya gemu yenyewe.

*Discord inajizima gemu ikifunguka.* Simu inaiua ili kuokoa betri. Ingia kwenye mipangilio ya betri ya Discord uondoe vizuizi. Kama simu ina RAM ya GB 2 au 3, huenda isisaidie. Rudi kwenye sauti ya gemu.

*Niliandika neno la kawaida likageuka nyota.* Kichujio cha matusi kinatafuta herufi za Kiingereza ndani ya maneno yako. Neno kama "mashitaka" linaweza kunaswa bila kosa lolote. Tenganisha silabi, au tumia neno lingine. Usirudie kulituma mara tano, maana mfumo unaweza kukufungia kuandika kwa kurudiarudia.